Mwalimu Ndizeye na Maumbo Yasiyo na Jina

Wasikilizaji wapendwa wa Baraka, Fizi na Lusenda, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mwalimu Ndizeye, aliyefundisha sanaa katika shule moja ya sekondari hapa Baraka. Alifariki wiki iliyopita kwa malaria. Narudia: kwa malaria. Sokoni nimeshasikia sababu nyingine.

Ndizeye alikuwa Mrundi. Alifika na mke wake Kanyange, wakakaa katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Shule ilipompa darasa, hakuwafundisha watoto kuchora samaki. Aliwafundisha kutengeneza maumbo ya plasta, ule unga mweupe ambao hospitalini hutumika kufungia mfupa uliovunjika. Tena alitaka maumbo yasiyofanana na kitu chochote. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Walifanyia kazi ufukweni mwa ziwa. Wanafunzi walichimba mashimo katika mchanga wenye maji, wakamimina plasta, wakangoja. Plasta ikianza kuwa ngumu hupata joto yenyewe. Mwalimu aliwaeleza wanafunzi. Wauza samaki hakuna aliyewaeleza. Mama mmoja aligusa umbo lililotolewa mchangani, akaruka.

"Iko na moto! Bamefukua muntu!"

Kufika jioni, mji mzima ulijua kwamba Mrundi anafukua maiti akisaidiwa na watoto wetu.

Papa Vainqueur, mkuu wa kamati ya wazazi, alikwenda shuleni. Binti yake Arlette alikuwa ameshika umbo lake.

"Hii ni nini?"

"Ni ile siku tulikimbia vita kule Kilembwe, papa."

"Siku iko na sura ya boga?"

Darasa lilicheka. Yeye hakucheka. Alimgeukia mwalimu. "Kitu haina jina, unafundisha batoto juu ya nini? Unangoja kukipatia jina ya nani?"

Swali hilo lilitembea mji mzima. Kila mtu aliogopa umbo lisije likapewa jina lake, naye akarogwa.

Ndizeye hakubishana. Alichukua nyundo, akavunja umbo lake mwenyewe, lile kubwa kuliko yote. Ndani kulikuwa na plasta tu, na vipande vya wavu vya kuzuia nyufa.

"Na huu wavu ni ya kukamata nani?" akauliza Vainqueur.

Somo likasimamishwa. Mwalimu amekufa kabla halijarudishwa.

Siku ya mazishi, watu walidai sanduku lifunguliwe. Walisema ndani kuna sanamu ya plasta, mwenyewe ametoroka. Kanyange alilifungua kwa mikono yake.

"Muangalie yote," alisema. "Mukimaliza, munisaidie kulia."

Vainqueur alikuwa mbele. Aliangalia, akashusha macho.

Sasa kamati inataka maumbo ya wanafunzi yatupwe ziwani. Wazazi watakutana shuleni Jumamosi. Arlette amekuja hapa redioni kuniambia mimi mtangazaji wenu, "Mama, bakitupa, nitaingia mu maji kuyatafuta." Namwamini.

Mama Kanyange, na ninyi nyote wa familia ya mwalimu, poleni sana. Mungu awashike. Wasikilizaji wapendwa, tujiulize: katika sisi sote tulioongea, nani aliona maiti? Mwanangu pia yuko katika darasa hilo. Jumamosi nitaketi benchi la mbele. Atakayesema ni uchawi asimame, ataje jina lake na alichokiona kwa macho yake. Akianza na "watu wanasema", nitamwambia akae.