Adalbert Kilufya na Zamu ya Germaine

Waliopo leo, Jumamosi tarehe 14 Septemba 1957, katika ua wa nyumba ya marehemu, Cité Albert, Élisabethville, ni hawa: Victorine Ngoie, mjane wake, Delphine na Brigitte, binti zake, Alexis Kalenga, mtoto wa mdogo wake Faustin, Kasimu Amadi, mshonaji wa nguo, na mkewe Alima, Mutale Chola, dereva, wafanyakazi wanane wa karakana ya reli pamoja na kapita, msimamizi wao, majirani wa barabara hii, ambao siwezi kuwataja wote, na mimi, Stanislas Kabemba, karani mstaafu, kaka wa Victorine, niliyeombwa na familia kusoma maisha ya marehemu.

Adalbert Kilufya alizaliwa mwaka 1906, karibu na Ankoro, kando ya mto Lualaba, mtoto wa kwanza wa Banza Mwamba na Numbi Kisimba, siku na mwezi havikuandikwa. Mwaka 1917 wajumbe wa kodi walifika kijijini, na baba yake, ambaye alikuwa amekwisha kuweka akiba ya kodi ndani ya kibuyu, alikuwa ameikopesha yote kwa shemeji yake aliyekuwa akitafuta mahari, akidhani wajumbe wangepita baada ya mavuno kama mwaka uliotangulia. Alilazwa chini mbele ya watoto wake, akapigwa viboko kumi na viwili, ngozi ya mgongo ikapasuka, akafungwa kamba shingoni na kupelekwa kubeba mizigo miezi miwili, akarudi akikohoa, akafa mwaka 1919. Adalbert alisema nami habari hiyo mara moja tu, akaongeza kwamba baba yake hakuwa maskini siku ile, alikuwa tu na fedha mahali pabaya.

Alisoma miaka mitano katika shule ya mapadri, akajua kusoma, kuandika na hesabu za kugawanya. Mwaka 1924 alipanda mtumbwi mpaka Bukama, akapanda treni mpaka mjini hapa, na tarehe 1 Machi mwaka huo akaandikwa kazi katika karakana ya reli, kwanza mpanguza mashine, halafu fundi wa breki, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitatu bila kukosa siku ila kwa ugonjwa na kwa mambo nitakayosema. Alifunga ndoa na dada yangu Jumamosi tarehe 8 Februari 1930, wakapata watoto wanne, Delphine na Brigitte mnaowaona, na wawili waliokufa wangali wakinyonya.

Katika miaka ya shida, wakati watu wengi walipofukuzwa kazi, tuliona asubuhi kwa asubuhi wanaume wakifungwa wawili wawili na kupelekwa gerezani kwa sababu ya kodi. Kila siku ya mshahara Adalbert alitenga sehemu ya kodi kabla Victorine hajanunua chumvi, na mwaka 1934 alianzisha likelemba ya watu sita, yaani kila mwezi kila mmoja alitoa faranga thelathini, na mmoja akachukua zote kwa zamu. Watu sita walikuwa yeye, mdogo wake Faustin Kalenga, Gérard Mukalay, mtoto wa baba yao mkubwa, ambaye kwa desturi yetu ni ndugu, Kasimu, Mutale, na mimi. Sheria yake ilikuwa moja: mwenye zamu alipe kwanza kodi yake ya mwaka, aonyeshe muhuri ndani ya buku yake ya kodi, ndipo apewe fedha iliyobaki, naye alitaka hiyo iliyobaki iwe mabati au matofali kabla ya mwezi kwisha, akisema katika Kiswahili cha kwetu, «Faranga elfu moya inaweza kukimbia na mutu mumoja, matofali elfu moya haiwezi.»

Buku zote sita zilitunzwa ndani ya sanduku la chuma nyumbani kwa Adalbert, lenye kufuli la reli, ili zisiloe, zisiibwe, na asiyelipa ajulikane. Shauri hilo lilikuwa langu, kwa kuwa ofisini kwetu karatasi zote zilifungiwa kabatini, nami nikaona ndiyo njia ya watu wenye akili.

Alhamisi tarehe 7 Aprili 1938, alfajiri, askari wa msako waliziba barabara hii pande zote mbili, Adalbert akiwa safarini Sakania kutengeneza mabehewa, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Faustin na Kasimu walikamatwa wakienda kazini. Kasimu, ambaye anaweza kunisahihisha, alisikia Faustin akisema, «Nilishakulipa kodi. Buku iko mu sanduku ya yaya,» yaani ya kaka yake, na askari mmoja akamjibu, «Sanduku iko na miguu? Basi ita, ikuje,» wenzake wakacheka. Kasimu alipofungua kinywa aseme kwamba ni kweli alipigwa kitako cha bunduki, meno mawili yakatoka. Faustin akaanza kukimbia, si kutoroka, bali kuelekea mlango huu hapa, kulifuata sanduku, nao wakamfikia karibu na bomba la maji, wakampiga kichwani na mbavuni hata alipokuwa hajitikisi tena.

Victorine, aliyekuwa amelipiga kufuli kwa jembe mpaka mpini ukavunjika, alifika na sanduku lenyewe kichwani, akaliweka chini katikati yao. Wakavunja kufuli kwa bunduki. Mwandishi wa msako akafungua buku ya Faustin, akaona muhuri wa mwaka ule ule wa 1938, akairudisha kwa mikono miwili, akaandika jina linalofuata. Kodi ya Faustin ilikuwa imelipwa tangu Februari. Alikufa Jumapili ya Matawi, tarehe 10 Aprili, akamwacha mke wake Germaine Kasongo na mtoto wao Alexis wa miaka minne.

Adalbert aliporudi alilipasua sanduku kwa shoka, akampa kila mtu buku yake mkononi, na tangu siku hiyo hakushika tena karatasi ya mtu mwingine. Mimi hakunilaumu. Nilingoja anilaumu miaka kumi na tisa.

Zamu ya Mei ilikuwa ya Faustin. Gérard alikuja matangani pamoja na wajomba watatu, wakiwa wamekwisha kuchukua kitanda, baiskeli na nguo za mfu kama desturi inavyowaruhusu, akasema mbele ya wote, «Feza ya mufu iko ya jamaa. Ao unataka kuikula weye na mujane?» Adalbert akajibu, «Zamu haiko ya mufu. Iko ya nyumba yake, na nyumba iko na mutoto.» Wakampiga kwa mpini wa shoka, mkono wa kushoto ukavunjika sehemu mbili, lakini tarehe 31 Mei, mkono ukiwa ndani ya vijiti, alimpelekea Germaine faranga mia moja na themanini, kamili, na kwa hizo Germaine akanunua matofali yake ya kwanza. Germaine akashika nafasi ya mume wake katika likelemba, akiuza samaki wakavu sokoni, na katika miaka kumi na tisa hakuchelewa hata mwezi mmoja, jambo ambalo sisi wanaume watano hatuwezi kulisema juu yetu.

Mwaka 1955 Adalbert alimsaidia kupata kiwanja Ruashi, kikaandikwa kwa jina la Alexis, ambaye alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ili asiwepo mtu wa kusema ni mali ya jamaa, na nyumba ya vyumba vitatu ikaezekwa mwezi Juni mwaka huu. Gérard, ambaye alitoka katika likelemba mwaka 1949 na alikuwa na kodi ya miaka miwili asiyoilipa, alianza kuiita nyumba ya ndugu yake.

Jumanne tarehe 10 Septemba, saa kumi alasiri, Adalbert alikuwa Ruashi akitia mlango wa mbele, Germaine akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, Gérard akaingia na watu wawili, akadai karatasi ya kiwanja. Adalbert alimwambia, «Iko na mwenyewe. Miye sishikake tena karatasi ya mutu.» Gérard akasema, «Mukono bado mumoja haujavunjika,» akachukua nondo iliyokuwa karibu na mlango, akampiga mara tatu, mara mbili akiwa amesimama na mara moja akiwa ameanguka. Germaine alitoka nyuma na mchi wa sombe, akampiga Gérard kichwani mara moja. Wale wawili walikimbia.

Adalbert na Gérard walipelekwa hospitali moja, vyumba tofauti. Adalbert alifumbua macho Jumatano jioni, akamwambia Victorine kwamba kodi ya mwaka huu imelipwa na buku iko chini ya mto, akafa Alhamisi tarehe 12 Septemba, mwenye miaka hamsini na mmoja. Germaine yuko mikononi mwa polisi tangu Jumanne. Kamishna alimwambia Alexis, mimi nikiwapo, kwamba Gérard akipona, Germaine atalipa faini na kurudi nyumbani kwake Ruashi. Asipopona, atahukumiwa kama muuaji.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa chumba cha wanaume, waliomwosha marehemu kwa heshima. Inawashukuru majirani waliolala hapa siku hizi mbili, Mutale aliyetoa gari, Kasimu aliyeshona sanda bila malipo, na wafanyakazi wa karakana waliochonga jeneza na kuacha kazi yao leo. Vijana wenye fimbo nyuma ya ua naomba waziweke chini.

Adalbert, huna deni kwetu. Mungu akupe kituo chema.

Kabla hatujabeba jeneza, familia imeniomba niwajulishe habari iliyoletwa na mlinzi wa hospitali: Gérard Mukalay amekufa leo asubuhi, saa mbili na robo.