Trei Mbili za Sampuli

Hapana, baba, samahani nikukatize. Umesema mashine yako ya kuranda mbao utaileta kimyakimya, mafundi wako waikute imeshafungwa, maana ukiwaambia mapema watakuharibia. Shikamoo nimeshakupa pale mlangoni, kwa hiyo usinione sina adabu. Lakini mimi niliharibu, baba. Na niliharibu kwa sababu hakuna aliyeniambia kitu. Ndiyo ushuhuda wenyewe niliokuja nao leo hapa kwenye jumuiya. Kwenye daftari nilikuwa nimeuandikia mwanzo mzuri, wa taratibu, sasa umenichokoza.

Wengi mnajua nilipata kazi ya kuchambua kahawa kwenye kinu kimoja pale Moshi mjini. Jina lake silitaji. Nilikuwa nimemaliza fom foo, matokeo yakawa yale mnayoyajua, nikawa nakaa nyumbani naangalia migomba inavyokua. Wanunuzi binafsi ndio kwanza wameruhusiwa, kila mwenye lori ananunua kahawa, na vinu vinatafuta mikono. Msimamizi wa meza moja, mama wa kule Mkuu, Rombo, akanipokea. Tulimwita Mama tu. Na leo nitamwita hivyo hivyo.

Ndugu zangu, kuchambua kahawa kutwa nzima ni kama kuota macho wazi. Kahawa inapita kwenye mkanda mbele yako, haiishi, ina rangi kama ya ukungu wa huku kwetu ukichanganyika na majani. Vidole vinaokota vyenyewe. Nyeusi, toa. Iliyovunjika, toa. Iliyotobolewa na mdudu, toa. Wenzangu wanaimba chini kwa chini, na mimi nimeshaondoka, natembea kwenye mto wa punje, maji yake hayalowanishi. Mama ananigonga kidole.

"Wewe msomi, rudi. Umesafiri tena."

Yeye alikuwa anaokota punje nzima kabisa, nzuri kwa macho, anainusa, anaitupa.

"Hii imechacha ndani."

"Umejuaje, Mama?"

"Imeniambia. Wewe si umezoea kuambiwa na vitabu?"

Meza nzima wanacheka.

Sasa siku moja lori likashusha kasha kubwa kuliko choo cha shule. Bosi wetu, Mhindi wa hapahapa Moshi, kazaliwa hapa, Kichagga anakijua kuliko baadhi yenu, na ni mtu wa salamu. Siku hiyo akapita na fundi mgeni bila kutuangalia. Kasha likafunikwa turubai. Wiki nzima. Tukamuuliza Mama, akasema hata yeye hajaambiwa. Basi tukajiambia wenyewe. Mmoja akasema ndani kuna mashine yenye jicho la umeme, inaona punje mbaya na kuipulizia upepo, pu, inaruka nje. Hiyo ilikuwa kweli. Mwingine akasema orodha ya majina yetu ya kufukuzwa imo humo humo ndani ya kasha. Tukaamini yote mawili, kwa sababu hakuna aliyetupa kitu kingine cha kuamini.

Fundi alipoifunga, akataka sampuli: trei moja ya kahawa nzuri, trei moja ya kahawa mbaya, aitegeshe mashine ijue kutofautisha. Mama akanipa mimi kazi hiyo. "Macho yako bado mapya," akasema. Aliniamini.

Nikachanganya. Kwenye trei ya nzuri nikatia zenye kasoro, kwenye trei ya mbaya nikatia punje safi ambazo hata harusini zingefaa. Niliona kama niko ndotoni, na mashine itaaibika, itarudishwa kwao, na sisi tutaendelea kuimba.

Mashine ikapuliza nje kahawa nzuri. Shehena ile ikapelekwa kwa waonjaji, ikakataliwa. Bosi akaja amebeba trei zile mbili, moja kila mkono.

"Nani aliandaa hizi?"

Nilifungua mdomo, ndugu zangu. Nawaambia nilifungua. Kisha nikaufunga. Mama akaniangalia kidogo tu, akamgeukia bosi.

"Ni za meza yangu. Msimamizi ni mimi."

Akaambiwa aondoke siku hiyohiyo. Akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani, akatoka. Fundi akachambua sampuli nyingine kwa mkono wake, na baada ya siku mbili mashine ikakaa sawa. Kina mama wengi wakarudishwa nyumbani, wawili mmo humu. Kwa hiyo mimi nilizuia nini? Nilizuia siku mbili. Na wakabakizwa wachache waliosoma, wa kusimama kando ya mashine. Mimi nikiwemo.

Hapo ndipo nilipoanguka. Kwenye jumuiya mliona siji. Chakula hakipiti. Kutwa nasikia pu, pu, pu, na nikirudi nyumbani bado naisikia kwenye mvua. Mama yangu mzazi akinipa maharage nichambue, nachambua mpaka jua linazama.

"Mwanangu," akaniambia siku moja, "maharage yalishaingia chunguni. Unachambua mawe."

Miezi ikapita hivyo. Juzi Ijumaa waonjaji wakalalamika tena: kahawa inanuka. Fundi akafungua mashine, akafunga, akafungua. Haina kosa. Nikachota punje kiganjani, zinang'aa, zote sawa, kama hazina dhambi. Nikazinusa. Moja ikanipiga puani mpaka machozi. Ilikuwa imechacha ndani. Jicho la umeme linaona rangi, harufu halina habari nayo. Na mtu anayeijua harufu hiyo tulishamfukuza.

Nikamfuata bosi pale kwenye magunia.

"Bosi, hii inamtaka Mama."

"Aliyeniharibia sampuli?"

"Si yeye. Ni mimi."

Akaniangalia kuanzia miguuni hadi usoni.

"Miezi yote hii umesimama hapa, unanisalimia asubuhi?"

"Ndiyo, bosi."

Akakaa juu ya gunia. Nilingoja anifukuze. Akasema, "Na mimi nilileta mashine kama mtu anayeleta mke wa pili bila kumwambia wa kwanza. Halafu nashangaa sufuria zinarushwa."

Akasema atawaita wote, waliobaki na walioondoka. Atawaambia nafasi ziko ngapi, nani atafundishwa kuitegesha mashine, nani atafundishwa kunusa na kuonja. Na asiye na nafasi ataambiwa usoni, apewe muda wa kujipanga. Lakini wa kufundisha pua hizo ni Mama. "Mimi akiniona atafunga mlango," akasema. "Uende wewe." Kama mimi mwenyewe nitabaki kazini, hakusema. Sikuuliza.

Ndiyo, baba, nimekusikia. Kwamba kama ningeambiwa mapema, je, nisingechanganya? Sijui. Labda ningelia kwanza, halafu ningeuliza nafasi ziko ngapi. Kulia hakuharibu mashine. Mafundi wako wanajua ubao upi una fundo ndani, mashine yako haitajua. Kaa nao mezani kabla lori halijafika. Waambie hata lile baya. Tena hasa lile baya.

Nashukuru mama yangu, hakuniuliza hata mara moja, aliniletea maharage mengine tu. Nashukuru nyie wawili mliorudishwa nyumbani. Jana nilipowaambia, mmoja alinifinya mkono mpaka leo pana alama, halafu akanipakulia mtori, akakaa ahakikishe namaliza. Aika, asante sana, mama.

Bosi amenipa ujumbe wa kazi nimpelekee Mama. Nimeamua usiwe wa kwanza. Kesho asubuhi napanda gari la kwanza la Mkuu, na kabla hajanikaribisha kiti nitamwambia trei zile nilichanganya mimi, na nilimwacha aondoke nikiwa namwangalia. Habari ya kazi ataisikia baadaye, kama bado atataka kunisikiliza.