Wa Tatu Kutoka Kushoto: Kumuaga Bi Bogumiła Sroka

Tarehe 30 Juni 2024, Bi Bogumiła Sroka, mtunza picha wa Makumbusho ya Kiwanda cha Silaha cha Stara Rudawka, anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na saba. Mkurugenzi wetu, Bwana Ludomir Pękala, ameniagiza niandike, kwa ajili ya ratiba ya sherehe ya kumuaga, wasifu mfupi, wa kuchekesha, usiomchanganya msomaji. Mawili ya kwanza nitajaribu. Hilo la tatu amemwomba mtu asiyefaa. Mimi ni mhasibu, nilikuwepo mambo yote yalipotokea, na hadi leo nikiulizwa kulia ni wapi nafikiri kwanza.

Bi Bogumiła aliingia kazini mwaka 1987, kiwanda kikiwa bado kinatengeneza bunduki na makumbusho yakiwa chumba kimoja chenye bendera na vikombe vya michezo. Kiwanda kilipofungwa, mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu na picha zikatupwa uani, mvuani. Yeye alikuwa njiani kwenda harusini. Harusi hakufika. Alizikusanya picha zote akiwa na viatu vyake vya sherehe, akazianika nyumbani kwake juu ya meza, viti na kitanda, na mumewe akanywa supu wiki nzima akiwa wima. Marehemu alikuwa mtu mvumilivu, Mungu amlaze pema.

Tangu hapo picha zile zikawa ufalme wake. Watoto wa shule walimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Mtoto akigusa kioo, sauti ilitoka chumba cha pili: "We! Mkono huo! Hiyo ni picha, si mkate!" Sijui alikuwa anaonaje kupitia ukuta.

Kati ya picha zote, moja alijitengea mwenyewe. Ni ile kubwa ya mlangoni, ya mwaka 1961: mafundi wamesimama mbele ya Karakana ya Mitutu, na bomba refu la moshi likionekana kando yake. Baba yake Bi Bogumiła alifariki bintiye akiwa hajatimiza mwaka. Mama akaolewa tena mbali, huko Silesia, na hakutaka kusikia habari za mume wa kwanza, wala nyumbani haikubaki picha hata moja. Shangazi aliyemlea alimwachia neno moja tu: baba yako yumo kwenye picha ya mafundi, safu ya mbele, wa tatu kutoka kushoto. Hapo alisimama bwana mrefu, mkali wa sura, masikio kama vipini vya sufuria. Kila mgeni alitambulishwa kwake. "Huyu ndiye baba. Masikio sikurithi, namshukuru Mungu."

Sasa tuingie kwenye kizungumkuti chenyewe. Majengo ya kiwanda yamebaki machache, na Karakana ya Mitutu ndiyo pekee yenye paa. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja akaitaka aibomoe, apate maegesho ya magari. Mkaguzi wa majengo ya kale wa mkoa, Bwana Tytus Wnęk, akaja na nakala ya picha yetu ya mlangoni. Akasimama langoni, akatazama picha, akatazama jengo, akakuna kichwa. Kwenye picha karakana iko kushoto mwa bomba la moshi. Uwanjani iko kulia, na kushoto kuna nyasi tu.

"Pole sana, Bi Bogumiła," akasema. "Karakana ya kwenye picha ilishabomolewa. Hii ni nyingine, imejengwa baadaye. Siwezi kuilinda."

"Baba yangu alifanya kazi humu!"

"Picha yako mwenyewe inakukatalia."

Tukawauliza wazee watatu, tukapata majibu manne. Mmoja aliapa kwamba lililohamishwa ni bomba la moshi. Jamani, bomba la moshi linahamaje? Bi Bogumiła akawa anakwenda kila mchana kuizunguka karakana, picha mkononi, mara nyingine kaishika juu chini. Hakuogopa kustaafu. Aliogopa kwamba picha alizoziokoa kwa mikono yake ndizo zitakazomwangushia karakana ya baba yake. Nilimhurumia sana.

Tarehe 10 Juni ilikuwa siku ya jina lake, yaani sikukuu ya mtakatifu somo wake. Kwa desturi yetu mwenye siku huleta keki kazini, na wengine huleta matumbo yao. Alikuja na shoga yake, Bi Czesława, mjane mwenye maneno, na Bwana Wnęk naye akatokea na karatasi zake za mwisho za karakana, akashikwa akakalishwa mbele ya keki ya jibini. Bi Czesława akasimama na sahani mbele ya picha ya mlangoni, akitafuna. Ghafla akaacha kutafuna.

"Yesu na Maria! Kiwanda kizima cha wajane!"

Tukamgeukia. Kwetu mtu aliyeoa huvaa pete mkono wa kulia. Akifiwa, huihamishia wa kushoto, kama Bi Czesława mwenyewe. Na mafundi wale wote, vijana kwa wazee, pete zao zilikuwa kushoto.

"Ama wake zao walikufa siku moja," akasema, "ama nyinyi mmetundika kitu msichokijua."

Bwana Wnęk akaweka uma chini, akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Kwa mara ya kwanza Bi Bogumiła hakumkemea mtu. "Na vifungo!" mkaguzi akapiga kelele. "Makoti yao yamefungwa kike! Picha imechapwa kinyume!"

Basi ilikuwa imegeuzwa, kama fulana iliyovaliwa ndani nje. Kiwanda cha silaha hakina kibao, kwa hiyo pichani hapakuwa na hata herufi moja ya kutushtua. Mkurugenzi akasema ilifanywa kwa makusudi, kuwapoteza majasusi. "Majasusi gani?" akasema Bi Czesława. "Yule mpiga picha nilimjua. Alikuwa mlevi." Wote wawili bado wanashikilia yao.

Nikaigeuza kwenye kompyuta. Karakana ikaruka upande wa kulia wa bomba, pale pale ilipo uwanjani. Shangwe! Mkurugenzi akambusu mkaguzi mashavu yote mawili. Lakini Bi Bogumiła hakushangilia. Alikuwa anahesabu kwa kidole.

"Mbona huyu?" akauliza.

Wa tatu kutoka kushoto sasa alikuwa bwana mfupi mnene, kinywa wazi kwa kicheko, macho kayafumba. Mwenye masikio alikuwa amekwenda upande wa pili, wa tatu kutoka kulia.

Mkurugenzi akasema pengine shangazi alihesabu kwenye picha hii hii ya kinyume. Bi Czesława akasema pengine alihesabu kushoto kwa waliosimama, si kwa mtazamaji. Shangazi mwenyewe alishakufa. Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma.

"Irudishe," akasema Bi Bogumiła. Nikairudisha. "Geuza." Nikageuza. "Irudishe." Tulikwenda hivyo mpaka nikawa sijui ipi ni ipi, na nadhani naye hakujua.

Bwana Wnęk akamweleza kwa upole kwamba anahitaji neno la mtunza picha: picha ya kweli ni ipi? Akisema ni hii iliyogeuzwa sasa kwenye kompyuta, karakana inasimama.

Alicheka, kisha machozi yakamtoka. "Nimemwita baba mtu nisiyemjua, mbele ya shule nzima nzima!" Akajifuta kwa kitambaa cha keki. "Andika. Baba habomolewi na mtu. Karakana ndiyo itabomolewa nisiposema. Andika kwamba picha ilikuwa kinyume."

Karakana ya Mitutu iliingizwa kwenye majengo ya kulindwa wiki iliyopita. Picha ya mlangoni aliishusha yeye mwenyewe, akatundika iliyo sahihi, na wageni wakimuuliza baba yake ni nani huwajibu, "Bado tunajuana."

Bi Bogumiła, tunakushukuru kwa picha ulizozitoa mvuani, kwa keki, na kwa kutukemea. Nenda kapumzike, afya iwe nawe, na uzee wako uwe mrefu na mwepesi.

Limebaki moja. Nilitafuta picha yake ya kuweka kwenye jalada la ratiba hii. Nilipekua sherehe zote za miaka thelathini na saba, sikupata hata moja ambamo macho yake yako wazi. Kila mahali anacheka, kinywa wazi, macho kayafumba. Nikampelekea zote mezani. Alizitazama moja moja, akainuka, akaenda mlangoni, akasimama mbele ya mafundi mpaka tukafunga. Mimi ni mhasibu tu, sithibitishi lolote. Picha ya jalada amechagua mwenyewe.