Dalmas Wakhisi na Ufa Wake wa Kirumi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kututengenezea mitambo, Bwana Dalmas Wakhisi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026. Kiwanda chetu cha barafu kinampoteza fundi mkuu. Roma ya kale inampoteza msemaji wake wa pekee mjini Kisumu.

Alitoka Webuye akiwa kijana mwenye akili timamu. Ugonjwa ulianza alipopata simu yenye intaneti. Saa ya chai, sisi tukitafuta matokeo ya Gor Mahia, yeye alitutangazia kwamba kwenye magofu ya Pompei, kule Italia, wamefukua tanuri la mkate, au kwamba maprofesa wawili wanatukanana mtandaoni kwa sababu ya pua ya sanamu ya Kigiriki. Alijua nani yuko kambi gani, kama siasa za kaunti.

Nilimpinga miaka yote. Nilimwambia ngome yetu ya kale ya Thimlich Ohinga imesimama karne nyingi kwa mawe matupu, bila mfuko mmoja wa saruji, na hakuna Mrumi aliyeombwa ushauri. Akanijibu, "Bwana Gordon, ukisifu ng'ombe wa jirani, wako atakauka maziwa?" Jibu la kijanja, lakini si hoja.

Kisha akasoma kwamba zege la Warumi lilijiziba nyufa lenyewe, chokaa ikikutana na maji. Tulikuwa tunajenga sakafu ya kupakilia barafu, naye akalichanganya zege kwa mapishi ya mtandaoni. Haukuisha mwezi, sakafu ikapata ufa wa kumeza kidole. Tangu hapo, kila Jumatatu aliumwagia ndoo ya maji, nasi tukasimama na vikombe vyetu kukagua. Mama Selpha, anayenunua barafu ya samaki wa ufuo wa Luanda Kotieno, hakukosa kuuliza, "Jaduong', mzee wangu, mgonjwa ameamkaje?"

Mwezi uliopita uongozi uliamua sakafu ivunjwe, pawe pa kuegesha magari. Magari ya nani? Wengi wetu tunakuja kwa miguu! Dalmas, ambaye hajawahi kuomba chochote, alipanda kwa meneja wetu, Bi. Kusum, kumwomba amwachie zege lake.

"Wakhisi, miaka miwili na halijapona!"

"Madam, la Warumi lina elfu mbili. Tusiharakishe."

Kesho yake wavunjaji walimkuta Mama Selpha na wauza samaki wenzake wamekaa juu ya ufa na makreti yao, hawabanduki. Bi. Kusum akatoka, akawatazama, akasalimu amri. "Haya, ibaki. Lakini Wakhisi akienda, nani atamwaga maji?"

Wote wakanigeukia mimi.

Sherehe itafanyika juu ya sakafu hiyo hiyo. Wenye visigino virefu waangalie wanapokanyaga. Dalmas, asante kwa mitambo iliyonguruma na kwa mabishano yaliyonguruma zaidi. Tunakuombea afya, mahindi mengi huko kwenu Webuye na mtandao usiokatika. Bado nasema umekosea. Ndoo ninayo, na Jumatatu nitamwaga. Ufa ukiziba, sikupigii simu ng'o. Itabidi uje uone mwenyewe.