Kompyuta Nyepesi Kama Kuku Mgonjwa

Goodness alikuwa akitafuta kompyuta ya kununua, kwa hiyo ndani ya Hiace ya Marangu alitega sikio. Kiti cha mbele, kijana Shakiru alikuwa amempakatisha Bibi Aikaeli laptop yake mpya.

"Nyembamba, bibi, na chaji inakaa siku nzima. Ila matundu ya kuchomekea waya ni mawili tu."

Bibi aliipima mkononi. "Kuku akiwa mwepesi hivi simnunui."

"Uzito ni mambo ya zamani, bibi."

Goodness alidhani kijana ameshinda. Gari likasimama, bibi akashuka, konda akamshushia mzigo wake wa majani ya ng'ombe.

"Njoo unitwishe, mjukuu wangu," bibi akamwita Shakiru.

Shakiru alishuka, akainama, akanyanyua. Mzigo haukutikisika.

"Hayo ndiyo mambo ya zamani," bibi akasema. "Shika huku, nami nishike huku."