Leota Tiedemann na Tawi la Upande wa Mashariki

Marehemu Leota Marie Tiedemann alizaliwa tarehe 3 Aprili 1946, shambani kwa wazazi wake, Otto na Hulda Brandhorst, karibu na Mto Mississippi, jimbo la Iowa. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mimi, Virgil, ninayewasomea. Wanawe, Carla na Neil, wameniomba nisome kwa sababu eti mimi silii. Haya, tutaona.

Alianza masomo mwaka 1952 katika shule ya chumba kimoja, akamaliza sekondari mwaka 1964. Kila Oktoba alichelewa darasani kwa kuokota pekani, kokwa tamu zenye mafuta, chini ya miti ya mwituni kando ya mto. Mwalimu alipomfokea, Leota alimpa nusu ya mfuko na maneno yakaishia hapo.

Mwaka 1966 aliajiriwa posta, akapeleka barua mashambani kwa gari hadi alipostaafu mwaka 2008. Tarehe 14 Juni 1969 alifunga ndoa na Duane Tiedemann, fundi wa matrekta, mtu mpole aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2004.

Mwaka 1974 Duane na mimi tulijenga nyumba mbili jirani, bila ua katikati. Leota akapanda mipekani miwili, mmoja kwake na mmoja kwangu. Watu wa mjini walimcheka. Walisema pekani ni za kusini kwenye joto, na kwamba hata hizi za mtoni zisingestahimili uwanja wetu ulio wazi kwa upepo. Majira ya kwanza ya baridi alichukua suruali kuukuu za baba, akaivisha ile miche na kuzijaza majani makavu. Baba akaja, theluji ikimfika magotini, akaikodolea macho.

"Leota," akasema, "huyu mtoto wa nani aliyevaa suruali yangu?"

Miche ilipona. Mwaka 1990 ikazaa pekani ndogo, zenye ganda jembamba, tamu ajabu, na waliocheka wakaanza kubisha hodi na mifuko.

Sasa ni lazima nieleze jambo, maana bila hilo hamtaelewa ninachotaka kusema. Mpekani haujitoshi. Chavua yake humwagika wakati maua yake ya kike hayako tayari kuipokea, kwa hiyo unahitaji mwenzake wa aina nyingine. Mti wa Leota ulizaa kwa sababu ya mti wangu, na wangu kwa sababu ya wake. Mipekani mingine ilikuwa mbali, kule mtoni.

Mwaka 2010 mama alizidiwa. Leota alitaka amuuguze nyumbani kwake. Mimi nilikuwa na karatasi za kisheria za kumsimamia mama, nikampeleka nyumba ya wazee. Alifia huko tarehe 14 Desemba, peke yake. Baada ya mazishi Leota aliniambia, "Mama alikuwa akiulizia kitanda chake, Virgil. Kila siku alikiulizia." Tarehe 5 Februari 2011 nilichukua msumeno wa injini nikaukata mti wangu. Watu niliwaambia kwamba ulikuwa umeoza ndani. Ulikuwa mzima kabisa. Niliukata ili wa Leota usizae tena, na yeye alijua hivyo, kwa kuwa alisimama dirishani akinitazama mpaka ulipoanguka.

Hatukusemezana miaka kumi na miwili.

Mti wake haukuzaa miaka mitano. Kisha, Novemba 2016, Sikukuu ya Shukrani, nikakuta pai ya pekani barazani kwangu. Hakukuwa na barua. Nikadhani kokwa ni za dukani, nikampa mbwa. Kila mwaka pai ilikuja, na kila mwaka mbwa alishiba.

Mei mwaka huu, 2023, madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Carla alinipigia simu mara tatu. Nilikwenda tarehe 11 Oktoba, na nilikuwa nimejiandalia maneno. Alikuwa ameketi uani, amejifunika blanketi, pekani zimetapakaa miguuni pake.

"Umechelewa, mdogo wangu," akasema. "Kalete ngazi."

Alinielekeza nipande upande wa mashariki, usioonekana kutoka kwangu. Nikakuta tawi nene lenye kovu la zamani, na kibati kilichokwaruzwa kwa msumari: *Virgil, 2011*. Leota akanieleza toka chini: siku ile ya kuukata mti, nilipoingia ndani kufuta msumeno, alikuwa amevuka akakata vijiti kwenye mti ulioanguka. Alivifunga kwa gazeti lililolowa, akavihifadhi kwenye friji hadi Mei, akachanja gome la mti wake na kuvichomeka humo. Chavua ilitoka kwenye tawi hilo. Zile pekani nilizompa mbwa zilikuwa zangu na zake.

Nilishuka. Nikailaza ngazi kwenye nyasi.

"Nilikukasirikia sana, Virgil," akasema. "Bado nimekasirika. Lakini mwezi wa pili uje ukate vijiti vyako ukavipandikize kwenye mche kwako. Mimi sitakuwepo. Ukitaka kusema kitu, njoo kesho, leo nimechoka."

Usiku huo alipoteza fahamu. Alifariki nyumbani, kitandani kwake, asubuhi ya tarehe 13 Oktoba 2023, Carla akimshika mkono.

Ameacha watoto wawili, Carla na Neil, wajukuu wanne, na mdogo wake mmoja ambaye alikuja kesho yake kama alivyoambiwa, akakuta hasikii tena. Basi nalisema hapa, mbele ya watu wote: mti ulikuwa mzima, na mama alipaswa kufia kwako. Nisamehe, dada.

Lala salama, Leota. Mwezi wa pili nitakuja na ngazi.