Kipimo Mguuni mwa Alamin

Kijiwe chao pale Msambweni ni ubao mmoja ulioegeshwa juu ya mawe mawili, mbele ya gereji ya baiskeli ya Waziri, aitwaye Spana. Tangu Jumamosi hapakuwa na mazungumzo mengine ila mguu wa bandia wa Alamin. Fundi wa miguu ya bandia alikuwa ameufungia kidude kidogo kinachopima nguvu zinazouelemea kwa kila hatua, nyumbani, sokoni, msikitini. "Tembea kama siku zote," alimwambia. Leo alasiri kingefunguliwa, na mguu mpya ungetengenezwa kwa kufuata vipimo vyake. Alamin aliutaka kwa roho yake yote: mwezi ujao anamwoza binti yake, Nadhira, naye alitaka kuwapokea wageni akiwa wima kuanzia asubuhi hadi jioni. Basi siku zote tano alitembea kwa adabu, kifua mbele, kama bwana harusi. Hakutaka kidude kimwone vibaya.

— Hebu pita tena, akasema Spana.

Alamin akapita, akarudi, akaketi.

— Maashallah. Hapo umepata themanini kwa mia.

— Si mtihani huo, akasema Boga, aliyepewa jina la Mizani kwa kuwa zamani alipima samaki. Nguvu ni uzito. Leo usile mihogo. Kikiona umezidi, watakutengenezea mguu wa ng'ombe.

— Ng'ombe ana minne.

— Ndiyo ujue nguvu zake.

— Mie nasikia kinapeleka habari angani, akasema Spana. Watu wa huko wajua hata jana ulikwenda wapi.

— Jana sikutoka, akasema Alamin.

— Ndiyo watakayokuuliza. Kwani kuna nini hutoki?

— Haba na haba hujaza kibaba, Mizani akakata shauri. Hicho kikijaa hatua hupasuka. Ndiyo maana watakifungua leo.

Alamin akausogeza mguu mbali na dele, birika la moto la muuza kahawa.

Hapo akatokea Bi Dama wa Kikoneni, aliyekuja kuchukua baiskeli yake gerejini. Akatoa salamu, akaelezwa habari yote na Spana na Mizani kwa pamoja, na Alamin akapita tena ili naye aone.

— Kwani wakuuma wapi? akauliza Bi Dama.

Spana akamtazama Mizani. Mizani akatazama kikombe chake. Miaka sita wanakunywa kahawa na mtu huyu, wala hawakujua. Alamin alitaka kusema hauumi, kama alivyomwambia hata mkewe, lakini mkono wake ulikuwa umeshashika chini ya goti.

— Kwenye mteremko, akasema. Hapa ndani, chini ya goti. Jioni naenda nikishika kuta.

— Na hicho kidude, wewe wakiambia nini?

Muuza kahawa akainamisha dele. Likatoa machicha matupu ya kahawa.

Alamin akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Akainuka, akashika njia ya mteremko wa kwenda pwani, bega moja chini, mkono ukipapasa ukuta. Wenzake wakamfuata.

— Alamin, mbona wachechemea hivyo? akauliza Spana.

— Ndivyo nitembeavyo siku zote; na kidude kijue kabla ya alasiri, akasema, akaanza kuteremka.